Stesheni ya Lumbwa, Mlango wa Nchi ya Chai

Silibwet haina reli, na haijawahi kuwa nayo. Majani yanayochumwa asubuhi kwenye vilima vyake hupimwa kwenye kituo cha kununulia, hupakiwa kwenye lori la kiwanda, na yakishakaushwa na kufungwa hupanda lori jingine hadi Mombasa, ambako mnada wa chai ya Afrika Mashariki umekuwa ukifanyika tangu 1969. Kijana aliyezaliwa Bomet anaweza kufika utu uzima bila kuona behewa hata moja kwa macho yake. Hata hivyo, kama angeuliza kwa nini chai ilianzia Kericho wala si Silibwet, kwa nini mashamba makubwa ya makampuni yako upande ule na mashamba madogo ya wananchi yako upande huu, jibu lingempeleka kaskazini kilomita 100 hivi, hadi kwenye stesheni ndogo iliyoitwa Lumbwa. Leo inaitwa Kipkelion.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Ilijengwa kwa mikono ya vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa kwa uangalifu kama huo. Wahindi karibu 2,500 walifia kazini. Ilifika Nairobi mwaka 1899, ikashuka Bonde la Ufa, ikapita Naivasha na Nakuru, kisha ikaanza kupanda Mau. Pale juu, mahali palipoitwa Mau Summit, ilifika futi 8,322 kutoka usawa wa bahari, na hapakuwa na mahali pa juu zaidi kwenye njia yote ya kwanza. Kutoka hapo ilibidi ishuke mita 1,400 hivi hadi Ziwa Victoria. Lumbwa iko katikati ya mteremko huo.

Jambo moja husahaulika. Reli ilipokuwa ikifika hapa, Lumbwa haikuwa Kenya. Nchi yote ya kuanzia Naivasha kwenda magharibi ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na ilihamishiwa kwenye himaya ya Afrika Mashariki mnamo Aprili 1902. Wakipsigis, wenyeji wa hapa, walibadilishiwa nchi bila kuondoka walipokuwa.

Mteremko wa Mau uliwatoa jasho wajenzi kuliko sehemu nyingi za njia. Mvua hapa hainyeshi kwa msimu mmoja ikaisha. Hunyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo iliyokuja kuifanya nchi hii kuwa ya chai. Udongo mwekundu ukilowa huteleza. Makorongo yanayopeleka maji kwenye mto Nyando ni mengi na yamechimbika sana, na treni ya mvuke haiwezi kushuka korongoni na kupanda ng'ambo ya pili. Ikabidi yajengwe madaraja marefu ya chuma yaliyosimama kwenye nguzo, 27 kwa jumla. Makampuni ya Uingereza yalitaka bei kubwa na muda mrefu, kwa hiyo kazi ikapewa American Bridge Company ya Marekani, jambo lililozua manung'uniko London. Vyuma vilivukishwa bahari ya Atlantiki na ya Hindi, vikapandishwa kwa reli ile ile iliyokuwa bado inajengwa, na vikafungwa mahali pake kipande kwa kipande. Serikali haikusubiri madaraja yote yakamilike. Njia za muda ziliteremshwa kwenye mabonde, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji reli. Hapo ndipo Kisumu.

Waliokuwa na nchi yao hawakukaa kimya. Wanandi, jirani na ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na desturi, walikata waya za telegrafu na kung'oa boliti za reli, na vita vyao na Waingereza viliendelea kwa miaka; Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Mwaka huo huo jeshi lilitumwa Sotik dhidi ya Wakipsigis. Askari na mizigo yao walisafirishwa kwa reli. Ni vizuri kulisema hili waziwazi kabla ya kusifu paa na veranda za stesheni: reli ilikuja kwanza kama chombo cha dola, na abiria wa kawaida alifuata baadaye.

Stesheni zenyewe zilijengwa kwa haraka. Majengo ya mwanzo ya reli ya Uganda yalikuwa ya mabati ya mawimbi juu ya fremu ya mbao. Sababu ilikuwa ni uzito na muda. Bati hubebwa na behewa moja kwa wingi, halihitaji mwashi, na jengo zima linaweza kusimama kwa siku chache mara reli inapofika. Mpango ulikuwa mmoja na ulirudiwa stesheni baada ya stesheni, mkubwa au mdogo kulingana na daraja la mahali: nyumba ndefu ya ghorofa moja iliyolala sambamba na njia, paa lenye mteremko mkali wa kumwaga mvua, na upande wa jukwaa paa hilo likitokeza mbele kwenye nguzo ili kufunika veranda. Chini ya veranda hiyo ndipo maisha yote ya stesheni yalipofanyika. Dirisha la tiketi lilikuwa hapo, mlango wa ofisi ya stesheni masta ulifungukia hapo, mizani ya mizigo na kengele vilikuwa hapo. Ofisi ililazimika kutazama njia pande zote mbili, kwa sababu stesheni masta alikuwa karani wa tiketi kwa dakika chache tu za siku. Saa zake nyingi alikuwa mlinzi wa njia.

Reli hii ilikuwa na njia moja, na treni mbili zikikutana katikati ya mlima hakuna inayoweza kupisha. Ndiyo maana stesheni ziliwekwa kwa vipimo kama zilivyo: Mau Summit, Londiani, Kedowa, Lumbwa, Tunnel, Fort Ternan. Katika kila stesheni kama hiyo njia inagawanyika kuwa mbili kisha inaungana tena, ili treni moja ingoje pembeni na nyingine ipite. Dereva hakuruhusiwa kuingia sehemu ya mbele bila idhini mkononi. Stesheni masta aliulizia kwa waya kama njia iko wazi hadi stesheni inayofuata, akijibiwa ndiyo, alitoa kibali. Kama treni haikuwa na sababu ya kusimama, kibali kilifungwa kwenye pete kubwa iliyoshikizwa kwenye mpini, na mtu alisimama ukingoni mwa jukwaa ameinua mkono. Treni ilipunguza mwendo bila kusimama. Fayamani aliyeinama nje ya injini alipitisha mkono ndani ya pete na kuondoka nayo, huku akiangusha ile ya stesheni iliyotangulia. Usiku, katika ukungu wa Mau, kazi hiyo ilifanywa kwa mwanga wa taa ya mafuta. Kosa moja lingeua watu.

Kando ya jengo la abiria ndipo lilipokuwa ghala la mizigo, na kwa stesheni kama Lumbwa ghala lilikuwa na uzito kuliko chumba cha kungojea. Ukitaka kujua stesheni ilijengewa nani, angalia sakafu ya ghala lake. Iliinuliwa hadi ikalingana na sakafu ya behewa, ili mpagazi asukume gunia au sanduku moja kwa moja bila kulipandisha begani. Upande wa pili, wa barabara, sakafu hiyo hiyo ililingana na tandiko la mkokoteni wa ng'ombe. Ghala lilikuwa mahali ambapo magurudumu ya aina mbili yalikutana.

Abiria naye hakutendewa sawa na mwenzake. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili kwa kawaida la Wahindi, na la tatu, lenye viti vya mbao, lilikuwa la Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi wa wasafiri. Ubaguzi huo uliingia kwenye ramani ya jengo, ukaamua vyumba vya kungojea na vyoo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwafrika mwanamume aliyepanda treni kwenda kutafuta kazi alikuwa na kipande chake, cheti cha utambulisho, ndani ya kibweta kilichoning'inia shingoni. Mtu akiyaona majengo haya leo na kuyaita mazuri, na mengine ni mazuri kweli, asisahau kwamba milango yake ilihesabiwa kwa rangi za watu.

Kuja kwa stesheni kulibadili bei ya ardhi kabla ya kubadili kitu kingine chochote. Sheria ya ardhi ya 1902 iliiwezesha serikali kuwagawia walowezi mashamba kwa mkataba wa miaka 99, na ile ya 1915 ikaongeza hadi miaka 999. Mlowezi alitaka shamba ambalo mkokoteni wake ungeweza kufika stesheni na kurudi. Hivyo nchi iliyozunguka Londiani, Lumbwa na Fort Ternan ikawa ya Wazungu, na Wakipsigis waliokuwa wakichunga huko wakasukumwa kusini, kwenye hifadhi waliyotengewa, iliyoshuka kuelekea Bomet. Silibwet iliangukia ndani ya hifadhi. Naamini ni hapa ndipo historia ya Silibwet na ya stesheni hii zinaposhikana: umbali na reli ulikuwa hasara kwa mkulima aliyetaka soko, lakini ulikuwa pia sehemu ya kilichomwachia ardhi yake.

Pale Lumbwa walowezi walifanya jambo ambalo wanafunzi wa ushirika Kenya hulisoma hadi leo. Mwaka 1908 waliunda Lumbwa Cooperative Society, chama cha kwanza cha ushirika nchini, kwa ajili ya kusindika na kuuza mazao ya maziwa. Bila treni ya kuchukua siagi hadi Nairobi na pwani chama hicho kisingekuwa na maana. Na Mkipsigis, ambaye alijua ng'ombe tangu utotoni na ambaye mursik, maziwa yaliyochachishwa, ilikuwa chakula chake kabla mlowezi hajashuka melini, hakuwa na nafasi humo. Mlango wa ushirika ulikuja kufunguliwa kwa Waafrika kwa sheria ya 1945.

Treni ilileta pia dini. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker, alisafiri kwa reli hii mwaka 1902 pamoja na wenzake wawili waliokwenda kuanzisha misheni ya Kaimosi. Miaka michache baadaye alirudi na kufungua misheni yake mwenyewe ya ufundi na kilimo huko Lumbwa, karibu na stesheni. Kazi aliyoianza kati ya Wakipsigis ndiyo iliyopokewa na wamisionari wengine wa Marekani katika miaka ya 1930 na kuzaa hospitali ya Tenwek, jirani kabisa na Silibwet. Mgonjwa anayefikishwa Tenwek leo kwa pikipiki au ambulensi anaingia mahali ambapo mizizi yake iko kwenye stesheni ile ya Mau.

Kisha ikaja chai, nayo ilikuja baada ya zao jingine kushindwa. Mwaka 1919 maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani walipewa ekari 25,000 karibu na Kericho, kwa mpango uliofahamika kama BEADOC. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Maafisa walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka duniani, na barabara ya kutoka Kericho hadi Lumbwa, maili 20 na kidogo, ilikuwa tope ambalo lingemeza mkokoteni na ng'ombe wake. Mpango ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands, kampuni tanzu ya James Finlay, walinunua ardhi na kupanda chai kwa maelfu ya ekari. Walitazama mvua, udongo na mwinuko, lakini walitazama pia barabara ile, kwa sababu chai iliyokaushwa ni nyepesi na huharibika ikipata unyevu, na sanduku lililolala njiani wiki mbili halina bei.

Lumbwa ikawa stesheni ya Kericho. Hakuna kilichoingia wala kutoka katika mashamba yale ambacho hakikupita kwenye ghala lake: mashine za viwanda kutoka Uingereza, mabati ya nyumba za wafanyakazi, unga wa posho, chumvi, barua. Masanduku ya mbao yenye karatasi ya madini ndani yalishushwa kutoka kwenye malori, yakasukumwa juu ya sakafu ile iliyoinuliwa hadi kwenye mabehewa yaliyofunikwa, yakapanda Mau tena kuelekea Nakuru, Nairobi na bandari ya Kilindini, na kutoka hapo hadi mnadani Mincing Lane, London. Kwenye jukwaa lilelile wachuma chai kutoka Nyanza walishuka na mabunda yao na kuanza safari ya kwenda Kericho. Chai haikuoteshwa stesheni. Kipkelion yenyewe imejulikana zaidi kwa kahawa na mahindi. Lakini jina la Kericho lilipojulikana duniani, Lumbwa ndiyo iliyolibeba hadi baharini.

Stesheni haikubaki kwenye njia kuu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920 reli mpya ilijengwa kutoka Nakuru kwenda Eldoret na kuingia Uganda, na mwaka 1931 ilifika Kampala. Hapo ndipo njia ya Kisumu ilipogeuka tawi. Abiria wa Uganda hawakuwa na haja tena ya kupita Lumbwa na kuvuka ziwa kwa meli. Nadhani kushushwa hadhi huko ndiko kulikoihifadhi. Njia kuu hubomoa majengo yake na kujenga makubwa zaidi. Tawi huachiwa ya zamani.

Baada ya uhuru jina la Lumbwa, ambalo wageni waliwaita Wakipsigis na wenyewe hawakulipenda, liliondolewa, na Kipkelion ikachukua nafasi. Stesheni masta wa Kihindi aliondoka na Mwafrika akakaa kwenye kiti chake. Mnamo 1964 serikali iliunda shirika la KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo, na chai ikasambaa kusini kwenye nchi ya hifadhi ya zamani: Sotik, Konoin, Bomet, Silibwet. Viwanda vikajengwa karibu na wakulima wenyewe. Lakini chai hii mpya ilizaliwa katika enzi ya lami. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi mwaka uliofuata likiwa na injini chache na madeni, na lori likaishinda treni katika kila ushindani, kwa sababu lori lilifika mlangoni mwa kiwanda. Ghala la Kipkelion likaanza kukaa tupu.

Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, njia iling'olewa Kibera na magharibi yote ikakatika. Treni ya abiria ya Kisumu ilidhoofika, ikasimama, na kwa miaka mingi nyasi zikaota katikati ya mataruma kutoka Nakuru hadi ziwani. Mkataba wa ukodishaji ulipomalizwa mwaka 2017 serikali ilirudisha reli mikononi mwake, ikakarabati kilomita 217 za Nakuru hadi Kisumu kwa nguvu za wahandisi wa reli, jeshi na vijana wa Huduma ya Taifa ya Vijana (NYS), na Desemba 2021 treni ya abiria ikashuka Mau tena. Watu walijipanga kandokando ya njia kuishangilia. Wazee waliokuwa wamewahi kuipanda wakiwa wanafunzi waliwaleta wajukuu.

Sasa imebaki reli ya tatu katika habari hii, ambayo bado iko kwenye karatasi zaidi kuliko ardhini. Mpango wa kuendeleza reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu, kilomita 262 hivi, haufuati njia ya Mau Summit na Kipkelion. Unapita Narok, unaingia Bomet, unakwenda Nyamira na kushuka ziwani. Ulikwama mwaka 2019 pale mkopo wa China ulipokosekana, kisha ukafufuliwa. Ukijengwa kama ulivyochorwa, nchi ya Silibwet itapata reli baada ya miaka zaidi ya 120 ya kuisikia kwa mbali, na Kipkelion itazidi kuachwa pembeni.

Wenye mamlaka juu ya kazi hiyo wanapaswa kuisoma historia ya Lumbwa kwa makini. Stesheni za reli ya kisasa zilizojengwa hadi sasa ni kubwa na za kupendeza, lakini nyingi ziko mbali na watu. Abiria wa Mombasa hushuka Miritini na wa Nairobi hushuka Syokimau, kisha huhitaji usafiri mwingine hadi mjini. Stesheni ya Bomet iwekwe mahali ambapo mama mwenye mgonjwa wa Tenwek anaweza kufika bila kulipa nauli ya pili inayozidi ya treni. Iwe na ghala ambalo lori la kiwanda cha wakulima wadogo linaweza kuegemea. Wenye ardhi itakayochukuliwa walipwe kabla ya tingatinga kuingia, ili kisa cha 1902 kisirudiwe na serikali yetu wenyewe.

Na Kipkelion isiachwe ianguke. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo la aina hii kutangazwa kuwa mnara wa taifa, na Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana uzoefu wa kutunza vitu vya reli. Kaunti ya Kericho na Shirika la Reli wapime stesheni zote za mteremko wa Mau, wachore ramani zake, waorodheshe taa, mizani, leva na vibao vilivyosalia kabla wauza vyuma chakavu hawajavifikia. Wewe msomaji ambaye babu yako alikuwa fayamani, mpagazi, gadi au mchuma chai aliyeshuka kwenye jukwaa lile, kaa naye, washa kinasa sauti cha simu yako, na umwulize.